Mama Alipoacha Kuitwa Mama Fadha

Jumapili, Agosti 2009. Bungoma.

Mvua ya leo imekuja mapema, ikamwaga kila kitu kwa pupa, halafu ikaondoka kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. Sasa kuna jua la jioni na barabara inafuka mvuke. Niko saiba, kwenye kompyuta ya pembeni ambayo kitufe chake cha M kinagoma, kwa hivyo nabonyeza kwa nguvu hadi jirani yangu ananiangalia.

Leo nimepumua.

Sijui niseme vipi vingine. Zaidi ya mwaka sasa nimekuwa kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwenye utelezi. Shingo imekaza, macho mbele, haongei na mtu. Leo ndoo iko chini. Shingo bado inauma kidogo, lakini ndoo iko chini.

Sijawahi kuandika hapa kwenye blogu yangu kwa nini niliondoka seminari. Nimeandika juu ya mvua, juu ya mpira, juu ya bei ya mahindi. Nimelizunguka hilo jambo kama mtu anavyomzunguka mbwa aliyelala. Leo naliandika.

Nyumbani kwetu ni Kitale, nje kidogo ya mji. Babu yangu alitoka Nyeri akaja kutafuta shamba, na tangu hapo sisi ni watu wa mahindi na ng'ombe wachache. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama alitulea kwa kununua vitunguu kwa wakulima na kuviuza sokoni, na kwa ukali wake ambao soko zima liliujua. Nilipoingia seminari, Mama aliacha kuwa Mama Muchiri. Akawa Mama Fadha. Sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya mbolea: Mama Fadha. Mimi bado nilikuwa naosha sufuria za seminari na kujifunza kuimba, na tayari mtaa wetu ulikuwa na padri.

Na nitasema ukweli, mimi pia nilipenda. Nikirudi likizo wazee walikuwa wananiachia kiti. Nikiingia kwa jirani, redio inazimwa. Kwenye matanga niliitwa niseme neno, na nilisema vizuri. Watu walilia pale nilipotaka walie. Nilikuwa narudi nyumbani nimejaa sifa, natembea polepole ili watu waone.

Halafu mwaka jana, siku ambazo watu walikuwa wanaanza tu kusalimiana tena baada ya ile miezi mibaya ya vita vya uchaguzi, padri mlezi aliniita ofisini kwake. Alinimiminia chai yeye mwenyewe. Hapo ningepaswa kujua. Akaniambia wamenitazama miaka hiyo yote, wameniombea, na hawaoni kwamba upadri ndiyo njia yangu.

Nikamuuliza nimekosa nini.

"Hujakosa," akasema. "Unapenda kuhubiri, Muchiri, na unahubiri vizuri. Lakini watu wenyewe unawaogopa. Tukikutuma kwa wagonjwa unarudi mapema. Tukikutuma kwa familia iliyofiwa unaongea, halafu unaaga."

Nilimchukia kwa miezi mingi. Nilimchukia hasa kwa sababu sikupata neno la kumjibu.

Nikarudi Kitale na sanduku langu. Mama hakulia. Afadhali angelia. Aliniwekea chakula mezani, akatoka nje kukamua ng'ombe, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wiki nyingi, sahani mezani na Mama nje. Majirani walikuja kunisalimia wakiongea kwa sauti ya chini, kama kuna mwili ndani ya nyumba. Kulikuwa na ndama ambaye Mama alikuwa amemtenga kwa sherehe ya upadirisho wangu. Alikuwa ameshakuwa ng'ombe mkubwa. Kila asubuhi nilipofungua zizi alinitazama, nami nikatazama kando.

Mdogo wake Mama, mama mdogo Wairimu, ameolewa hapa Bungoma na mwalimu, Mbukusu wa hapa hapa. Ana kibanda cha kushona sare za shule. Ndiye aliyempigia Mama simu akamwambia, "Nitumie huyo kijana kabla nyinyi wawili hamjauana kwa kimya." Nikaja. Nikawa nabeba vitambaa, napiga pasi, napeleka sare. Kazi ya kunifaa, maana mtu akipiga pasi anaangalia chini.

Mama mdogo yuko kwenye kikundi cha parokia kinachotembelea wagonjwa Jumamosi. Mimi sikwenda. Nilikuwa na sababu mpya kila wiki. Lakini Jumamosi moja alifura goti, akanishikisha chupa kubwa ya uji na kikapu cha vikombe, akasema, "Wodi ya wanaume. Wewe mimina tu. Hakuna mtu amekuambia uhubiri."

Kumbe Mama alishamwambia kila kitu.

Nilisimama kwenye mlango wa ile wodi muda mrefu. Harufu ya dawa, harufu ya jasho la watu waliolala siku nyingi, mtu mmoja anakohoa huko mwisho. Muuguzi msimamizi, Sista Nasimiyu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanipita mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Uji unanywewa ndani." Nikaingia.

Kitanda cha kwanza karibu na dirisha kilikuwa cha Mzee Wanyonyi. Alikuwa mchinjaji huko Kamukuywa enzi zake. Alivunjika paja kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa avokado, ambao alikuwa ameukwea katika uzee wake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine yeyote na avokado zake. Mguu wake ulikuwa umevutwa kwa kamba yenye uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda, na alitakiwa kulala hivyo chali kwa miezi. Mke alishafariki. Watoto wako mbali. Hakuna mtu aliyekuwa akija.

Nikamimina uji. Na kwa sababu nilikuwa naogopa, nikaanza kufanya kile ninachojua. Nikamwambia jinsi mateso yanavyotuleta karibu na Mungu, jinsi kitanda cha mgonjwa kinavyoweza kuwa altare. Nilikuwa naendelea vizuri.

"Kijana," akasema, "hiyo uji inapoa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu mmoja aliyevunjika mikono yote miwili, akacheka hadi akashika mbavu kwa zile plasta zake.

Nikamshikia kikombe. Akanywa. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, chafu, zimeshikana, na uji ukabaki ndani yake. Akajikuna kidevu.

"Kama unataka kunisaidia," akasema, "nitoree hizi ndevu. Zinaniwasha kuriko huu muguu."

Nikasema nitaleta wembe Jumamosi ijayo.

"Sawa. Unaitwa nani?"

"Muchiri."

Akaacha kujikuna. "Hiyo ni jina ya wapi?"

"Ya Wakikuyu, Mzee. Sisi tunakaa Kitale."

Akageuza uso dirishani. Mwili haukuweza kugeuka, basi aligeuza uso tu.

"Basi wacha zikae," akasema. "Mimi siwezi pea Mkikuyu shingo yangu."

Nikakusanya vikombe.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilijiambia, umeona? Hata uji wako hawautaki. Na nilisikia nafuu mbaya, ile nafuu ya mtu aliyepata sababu ya kutorudi tena.

Nilirudi. Sijui ni kwa nini, na sitaki kujitungia sababu nzuri. Goti la mama mdogo lilikuwa bado, uji ulikuwa umepikwa, na nilikuwa nimeshanunua wembe. Mzee Wanyonyi hakunijibu salamu. Lakini yule mwalimu wa kitanda cha pili akaniita. "Kuja unianze mimi. Hata mke wangu atakuja leo na ninaonekana kama jambazi."

Sikuwa nimewahi kumnyoa mtu. Nilipaka sabuni, nikaweka wembe mpya, nikaanza. Nilimkata karibu na sikio, halafu kwenye kidevu. Kwenye kile kitanda cha dirishani nikasikia sauti.

"Angaria huyo! Anachinja mwarimu!"

Mzee Wanyonyi alikuwa ananitazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa sinema.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi niliwanyoa wengine na Mzee alitoa maoni. Nashika wembe kama panga. Navuta ngozi vibaya. Sabuni yangu ni kidogo. Alikuwa amechuna ngozi za ng'ombe na mbuzi maisha yake yote na hakuweza kuvumilia kazi mbaya. Mkono wangu ukaanza kutulia. Nikaanza kuja Jumatano pia, kibanda kikiwa hakina kazi nyingi. Nilikuwa nanyoa, nakata kucha, nawaletea maji ya moto. Niligundua kwamba mtu unayemshika uso hawezi kukuogopesha sana. Unaona kovu la utotoni. Unaona anavyofumba macho kama mtoto.

Siku moja, nikiwa naosha beseni, akaniita.

"Wewe, wa Kitare. Kuja hapa."

Nikaenda.

"Nikikuambia wacha, unawacha."

"Sawa, Mzee."

"Na usiniombee ukiwa na wembe kwa mukono. Fanya kitu moja."

Nilimpaka sabuni. Ndevu zilikuwa ndefu, nikazipunguza kwanza kwa makasi. Nilipofika shingoni akainua kidevu, akafumba macho. Nikaona mshipa unavyopiga chini ya ngozi ile iliyolegea. Nilifikiria ile miezi ya mwaka jana, sisi tukilala na viatu miguuni Kitale, Mama akiwa amekaa mlangoni na panga ambalo asingeweza kulitumia. Sijui yeye alikuwa anafikiria nini. Hakuniambia wacha. Nilimaliza, nikamfuta kwa taulo la uvuguvugu, nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu.

"Nimezeeka," akasema. Na baada ya kidogo, "Asante."

Nilipotoka nje nilikaa kwenye nyasi nikalia. Sikuwa na huzuni. Ilikuwa tu kama saa ya kulia imefika.

Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo nilikuwa mtu mpya. Hapana. Baada ya majuma machache nilifika nikakuta Mzee ameharisha. Kitanda, shuka, mgongo, kila mahali. Alikuwa ameshika kile chuma cha kitanda na uso ameufunika kwa blanketi. Sista Nasimiyu alikuwa na wagonjwa wawili walioingia wakati ule ule. Akanipa glavu na beseni, akasema, "Anza, nakuja."

Nikafunua shuka. Nikakimbia. Nilitapika nyuma ya jengo, karibu na kamba za nguo, na nikaamua hapo hapo kwamba naenda zangu. Padri mlezi alikuwa amesema ukweli, basi, imekwisha.

Sista alitokea mlangoni. Hakunikaripia.

"Umemaliza kutapika?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi rudi. Maji yanapoa."

Ni hivyo tu alivyosema. Nikarudi.

Tulimsafisha pamoja, yeye upande huu, mimi ule. Mzee hakutoa uso wake kwenye blanketi. Nilitafuta kitu cha kumwambia na hakuna kilichokuja, hata sala moja. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa yameisha. Nilikuwa na kitambaa na maji ya uvuguvugu. Nikamfuta mgongo, polepole, nikasuuza kitambaa, nikamfuta tena. Na nilijua Yesu yuko pale. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilijua tu, kama unavyojua kuna mtu ameingia chumbani hata kama umempa mgongo. Miaka yote ile seminari nilipiga magoti nikimtafuta, nikiwa na wasiwasi kama wananiona ninavyopiga magoti. Pale sikuwa na wasiwasi na chochote. Nilikuwa nimejisahau kabisa. Nilikuja kukumbuka kwamba nipo nilipoona viatu vyangu vimelowa.

Kwenye blanketi Mzee akasema, "Pore, kijana yangu."

Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda karibu kila siku. Mama mdogo alilalamika kwanza, halafu akaacha. Na wiki iliyopita Sista Nasimiyu aliniambia wanatafuta mhudumu wa wodi, kazi ya kupiga deki, kuosha, kuinua wagonjwa na kubeba. Akaniuliza kama naweza kuja rasmi. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Halafu jioni ile ile simu ya Mama ikaingia kwa mama mdogo. Anakuja Jumamosi. Ana habari njema.

Nilijua ni habari gani. Mama hawezi kuacha kitu kikivunjika bila kujaribu kukiunganisha.

Jana sikuwa na nguvu ya kumngoja pale kituoni. Nilijificha wodini. Nilikuwa naye Mzee Wanyonyi, nambadilishia shuka, mimi peke yangu maana Sista alikuwa upande wa pili. Nimemshika chini ya makwapa najaribu kumwinua, yeye ananitukana kidogo, nami natoka jasho. Nikasikia wodi imetulia. Nikainua macho.

Mama alikuwa mlangoni. Koti lake la kanisani, kitambaa kichwani, mkoba umekumbatiwa kifuani kwa mikono miwili. Mama mdogo alikuwa nyuma yake, anafanya uso wa mtu asiyehusika.

"Nani huyo?" Mzee akauliza.

"Ni mama yangu."

"Mwambie aingie. Asisimame hapo kama askari."

Mama akaingia. Alitembea hadi kitandani, akanitazama mimi, mikono yangu, lile shuka chafu lililokunjwa sakafuni. Nilingoja. Kwa mwaka mzima nilikuwa nangoja neno la kwanza la kweli litakalotoka kinywani mwake.

"Hivyo ndivyo unainua mtu?" akasema. "Utamtoa bega."

Akamkabidhi mama mdogo mkoba. Akavua koti. Akanisukuma kando kwa nyonga. Mama alimuuguza nyanya yangu, mama yake Baba, miaka kabla hajafariki. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Weka mkono hapa chini ya kiuno. Hapana, ingiza mpaka ukutane na mkono yangu. Sasa, mzee, wewe shika hiyo chuma ya juu. Mimi nikisema 'haya' tunaenda wote. Haya!"

Mzee akainuka mwepesi kama mto wa kulalia. Mama mdogo akavuta shuka jipya chini yake. Tulishangaa wote, Mzee kuliko sisi.

"Mama, umetoka wapi?" akamuuliza.

"Kitale."

"Na mimi ni wa Kamukuywa."

"Kamukuywa!" Mama akaanza kumsugua mgongo kwa mafuta bila kuomba ruhusa. "Mimi nilikuwa nanunua kitunguu Kamukuywa. Kulikuwa na bucha karibu na pale tunapakia magunia, mwenyewe alikuwa mtu wa makelele sana."

"Hakuwa na makerere," Mzee akasema. "Watu walikuwa wanataka nyama ya bure."

Mama akasimamisha mkono. Wakatazamana. Halafu Mama akacheka. Kicheko kile cha sokoni, cha tumboni, ambacho sijakisikia tangu nirudi na sanduku langu. Walikaa wakigombana kuhusu watu wa zamani, nani alikuwa anapunguza mizani na nani aliolewa Misikhu, na mimi nikabeba shuka kwenda kuliloweka kwa sababu sikutaka waone uso wangu.

Baadaye tulikaa kwenye benchi nje, Mama na mimi. Akafungua mkoba na kunieleza habari yake. Amezungumza na padri mmoja anayemfahamu. Kuna seminari ya jimbo jingine, mbali, wako tayari kunipokea mwezi ujao. Niandike tu kwamba nimetafakari.

"Mama," nikasema. "Siendi."

Akageuka kunitazama.

"Ni kwa sababu ya yule padri aliyekufukuza? Huyu mwingine si kama yeye."

"Si yeye. Yeye aliniambia ukweli."

"Basi ni nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno siku tatu nzima. Yote yalikimbia.

"Kule nilikuwa naogopa kila siku, Mama. Naogopa kukosea, naogopa watu wasione. Hapa siogopi. Nikiwa namwosha yule mzee ndiyo nasikia kwamba Mungu anajua jina langu. Wamenipa kazi hapa, ya kupiga deki na kuinua watu. Naitaka."

Mama alitazama mikono yake. Ilikuwa bado inang'aa mafuta.

"Na mimi watu nitawaambia nini?"

"Sijui, Mama."

Alinyamaza muda mrefu hadi nikaanza kusikia ule unyamavu wa Kitale, wa sahani mezani. Kisha akapumua kwa kishindo.

"Unajua kitu kimoja? Mimi nilichoka."

"Kuchoka na nini?"

"Hiyo Mama Fadha. Miaka yote hiyo sikuweza kugombana na mtu sokoni. Mtu ananipunja, nanyamaza. Ati Mama Fadha anapiga kelele! Siwezi kuchelewa kanisa, siwezi kukosa mchango, siwezi kusema sina. Juzi yule mwanamume wa mbolea amenijibu vibaya. Nikamwambia yote, mpaka ya mama yake. Watu walikuja kutazama." Akafunga mkoba, pa! "Nikalala vizuri sana hiyo siku. Nikashangaa. Nikasema, kwani nilikuwa nabeba nini?"

Nilimtazama mama yangu kana kwamba ndiyo kwanza namwona. Nilikuwa nimejiona peke yangu na ile ndoo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Akaufungua tena mkoba. Alitoa mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa kwa gazeti, tukala.

"Nikiulizwa," akasema akitafuna, "nitasema uko hospitali. Wao wafikirie wewe ni daktari, hiyo ni shauri yao."

Usiku wa jana nililala kama gunia.

Leo asubuhi tumekwenda Misa pamoja. Zamani nikiwa likizo nilikuwa nakaa mbele. Leo tumekaa nyuma kabisa, kati ya akina mama wenye watoto wachanga, na Mama aliimba kwa sauti yake yote. Nilipokea Ekaristi nikarudi kitini, nikamtazama padri kule mbele akisafisha kikombe. Nilingoja ule wivu uje. Nimeishi nao hata nilikuwa nimeuandalia mahali. Haukuja. Nikamwombea awe na siku njema, na awe na mtu wa kumpikia kitu kizuri.

Baada ya chakula cha mchana Mama alijiandaa kurudi Kitale. Nyumbani kwetu, siku zote, mtu akisafiri mimi ndiye niliyekuwa naombwa kusali. Mama mdogo aligeuka kwangu kwa mazoea. Mama akamzuia kwa mkono.

"Leo naomba mimi," akasema.

Nilipiga magoti kwenye simenti ya kibanda, kati ya vipande vya kitambaa cha sare. Akaniwekea mikono kichwani. Aliomba kwa Kikuyu, sala ndefu isiyo na mpangilio. Aliombea mahindi yasiingiwe na wadudu, akaombea goti la mama mdogo, akamwombea Mzee Wanyonyi akimwita jina la mtu mwingine kabisa, akamwombea hata yule mwanamume wa mbolea ingawa kwa ufupi sana. Halafu akafika kwangu. Hakumwambia Mungu anifanye chochote. Alimwambia tu, "Huyu ni wako. Mtunze, na akichoka mpumzishe." Mikono yake ilikuwa mizito na ya moto. Sikutaka aitoe.

Ameondoka kabla ya mvua.

Kesho nachukua zamu ya kwanza, saa moja asubuhi, na Sista Nasimiyu amesema nije na viatu vya mpira. Mama mdogo ananitafutia. Kwa miaka mingi kila jioni nilimuuliza Mungu ananitaka niwe nani. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomuuliza, na nimeshindwa. Lazima ni majuma mengi. Nilisahau kuuliza, nilikuwa na kazi.